Mkono mtupu ndio ulituweka mbali

Ijumaa mchana ukisimama kando ya barabara ya Nakuru kuelekea Mau Summit utaziona, matatu za kukodi zimefungwa vitambaa vyekundu kwa vioo, jeneza liko juu ya keria ama limelazwa katikati ya viti, watu ndani wanaimba ama wamelala, zote zinaelekea magharibi juu kesho ni Jumamosi na Jumamosi ndio siku ya kuzika. Zinapita Salgaa, alafu huko mbele zingine zinakata kuelekea Kericho na Kisumu, zingine zinaendelea Eldoret na Webuye. Nimeishi Nakuru miaka kumi na saba na sikumbuki Ijumaa iliyopita bila hizo gari.

Nikiziangalia napiga hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ya pesa, mochari inayolipwa kwa siku, jeneza, gari, tenti, viti, maiki, ng'ombe, mchele, mtu wa picha, komiti imekaa jioni baada ya jioni na grupu ya WhatsApp imejaa majina na mia mbili mia mbili mpaka bajeti ikafika. Hesabu ya pili ndio inaniuma. Kati ya watoto wa huyo marehemu walioketi hapo karibu na jeneza, ni wangapi walikaa na yeye akiwa hai, wakiwa wawili tu, wakaongea kitu ambacho si pesa na si ugonjwa? Naongea hasa juu ya mababa, juu huku kwetu mzazi wa mbali mara nyingi ni baba, ingawa najua watu ambao mama ndio alienda.

Nataka kusema kitu kimoja tu leo na nitakisema wazi. Umbali mwingi kati yetu na wazee wetu haukuanza kwa chuki. Ulianza kwa mtu kuona aibu kufika nyumbani mkono mtupu, akaahirisha mwezi, akaahirisha mwaka, mwishowe kuahirisha kukawa ndio maisha yake. Na sisi watoto tunawafanyia vile vile, tunangoja tuwe na kitu cha kupeleka, na siku tunayokua na kitu inakua ni ya kununua jeneza.

Kuna Profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani anaitwa Karl Pillemer, aliuliza watu wazima 1,340 kuhusu mambo ya familia na 27 kwa kila 100 wakasema kuna mtu wa damu yao ambaye wamekatana naye kabisa. Kule mara nyingi ni uamuzi, mtu anajua siku aliyosema basi. Hapa kwetu ukimuuliza mtu ni lini uliachana na baba yako hana tarehe. Hakuna siku waliyogombana. Alienda kazi, akarudi Krismasi, mwaka uliofuata akatuma barua, baadaye akatuma salamu na mtu, alafu kukanyamaza.

Na hii kitu ina historia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo mji unaitwa Port Florence, na kodi ya nyumba ya mkoloni ikawa inadaiwa kwa pesa taslimu ambayo mtu hangeipata kwa kulima mtama na kufuga mbuzi. Ilibidi mwanaume atoke. Akaenda reli, akaenda mashamba ya wazungu Nakuru na Njoro, majani chai Kericho, miwa Miwani, bandarini Mombasa, na baada ya vita ya kwanza ya dunia akatundikiwa kipande shingoni, ile karatasi ya mkoloni ya kumtambua mfanyakazi. Huko alikoenda alipewa chumba cha mtu mmoja, ama kitanda tu ndani ya chumba cha watu wengi, mshahara wa mtu mmoja, na likizo mara moja kwa mwaka. Hakuna mahali kwa hiyo mipango yote palipoandikwa kwamba huyu mtu ana mke na watoto. Babu zetu wakalelewa na mama na nyanya, wakajua baba ni mtu anayekuja na sukari, nguo na pesa ya kodi, baadaye pesa ya shule. Akija na hivyo vitu ni baba. Asipokua navyo, anakuja kama nani?

Hapo ndio kila kitu kilipoharibikia. Tulimfanya baba kua yule anayeleta, na hata methali zetu zikakubali, mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kazi ikiisha, lori ikianguka, kampuni ikifungwa, mtu anaona ni afadhali wafikiri nimepotea kuliko wanione hivi.

Sheria nayo haikusaidia. Kulikua na Sheria ya mwaka 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kotini alipe matunzo, ikafutwa mwaka 1969, na Sheria ya Watoto ya 2001 ilipokuja bado iliweka mzigo kwa mama kwanza kama wazazi hawajaoana. Mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndio ikasema mama na baba wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana ama hawajaoana. Mtu wangu, hiyo ni miaka 41 ambayo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa baba yake angeweza kutoka tu kwa mlango. Wengi wa hao watoto leo ndio wana miaka thelathini, arobaini, hamsini, na ndio wanapigiwa simu kuambiwa mzee wako ni mgonjwa, mchango wako ni ngapi.

Wazazi wangu walikua wameoana, mbuzi na ng'ombe zikatolewa, kanisani pia wakaenda. Baba alikua dereva wa lori, Mombasa mpaka Kampala, na wakati mwingi alipitia njia ya Kisumu na Busia. Sisi kwetu ni Luanda, kaunti ya Vihiga, na hiyo barabara inapita hapo hapo sokoni. Nikiwa mdogo lori ilikua inasimama. Anashuka, ananunua ndizi, anatupea mkate wa Mombasa uliokauka kidogo njiani, tunaukula kavu hivyo hivyo tukitembea kurudi nyumbani. Alafu mwaka 1993 mwenye lori akamfuta kazi, akapata nyingine ya kubangaiza, na lori haikusimama tena. Mama akaanza kuuza omena na nyanya hapo hapo sokoni. Nilifukuzwa shule karo mara nyingi mpaka nikazoea, nikifukuzwa sikua nalia, nilikua naenda moja kwa moja sokoni kumsaidia kupanga nyanya. Ndugu yangu anayenifuata alikua na miaka sita.

Miaka ilipoenda nikaolewa, nikaja Nakuru, nikaanza biashara. Siku moja shangazi akaniambia baba yenu yuko Salgaa, ana mama mwingine huko na watoto wawili, anafanya kazi ya kulinda lori za wenzake usiku. Salgaa! Kutoka kwangu ni nusu saa kwa matatu. Na kila nikienda nyumbani Luanda napita Salgaa, hakuna njia nyingine ya kawaida. Nilipita hapo miaka kumi na moja. Nilikua naangalia ule upande wenye lori zimepangwa, naangalia wazee waliokaa kwa vibanda vya chai, gari ikishapita naangalia mbele. Sikushuka hata siku moja. Nilikua najiambia nitashuka nikiwa nimejipanga.

Kujipanga ni neno la hatari sana kwa hii mambo. Kila mtu niliyeongea naye ambaye alizika mzazi bila kuongea alikua anajipanga. Mmoja anangoja amalize kujenga ndio aende na gari yake mzee ajue mtoto alifaulu bila yeye. Mwingine anangoja mzee ndio aanze kupiga simu, juu yeye ndiye alikosa. Huyo simlaumu, ana haki, ila mzee naye amekaa upande wa pili anangoja awe na kitu cha kuanzia kuongea.

Alafu ikaja simu. M-Pesa ilianza Machi 2007 na imetusaidia kwa mengi sana, mimi mwenyewe biashara yangu inasimama juu yake, lakini kwa familia ilileta kitu ambacho hatujakiangalia vizuri. Zamani kama unataka kumpea mzazi pesa ilibidi ufike, ama utume mtu atakayefika, na huyo mtu atakaa, atapewa chai, atauliza na kuulizwa. Sasa hivi mia tano inaenda na mimi nimeketi dukani. Kuna wakati shangazi alinilazimisha nikaanza kumtumia mzee kitu kila mwezi, na baadaye sana nilipofungua meseji zangu kutafuta kitu alichowahi kuniandikia nikapata ni zile za M-Pesa tu, jina lake kamili kwa herufi kubwa, tarehe, saa, salio langu, miaka mitatu na hakuna neno moja la mtu hapo ndani. Namwona hata mzee anayepata zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa ya serikali ya kusaidia wazee, kwa mwezi na mwenye anatumiwa na mtoto, wote wawili wanapokea pesa bila sauti.

Mwaka juzi shangazi akapiga akasema mzee hamezi chakula. Ilikua saratani ya koo, na watu wa huku wanaijua hiyo, iko sana Bonde la Ufa na magharibi, iko kwa mstari mrefu unaoshuka upande wa mashariki wa Afrika mpaka kusini kabisa, na mara nyingi inagunduliwa ugali ukishakataa kupita, wakati daktari hana mengi ya kufanya. Nilimpigia mama. Nilifikiri atalia ama atatukana. Alisema, "Nenda wewe mama, mimi yule nilishamzika kitambo." Akarudi kwa wateja wake, nikawasikia wakiuliza bei kabla hajakata simu. Na nasema hivi, mama alikua na haki yake kamili ya kutoenda. Yeye aliachwa kama mke, mimi niliachwa kama mtoto, hilo si deni moja.

Nilienda Jumanne, juu Jumanne biashara haina watu. Nilikua nimenunua mkate mkubwa, kilo mbili za sukari na nyama, kila kitu kwa karatasi moja imelegea mikononi. Nilimkuta nje kwa kiti cha plastiki, kwa jua, amevaa koti zito na chini ana kandambili. Alikua amekwisha. Mkononi alikua na kikombe cha uji mwepesi kama maji ya mchele, anapiga funda moja dogo, anatulia, ameinamisha kichwa ni kama anasikiliza kama itapita, alafu ndio anapiga lingine. Mimi niliitwa jina la mama yake, na huku kwetu mtoto akibeba jina la nyanya baba anamwita mama. Aliinua macho akasema, "Mama, umefika." Sauti yake ilikua imeanza kukwaruza. Nikasimama tu na ule mkate mikononi na ndio nikafahamu hawezi kuula.

Sikuanza na yale niliyokua nimepanga kusema. Nilikua nimeyapanga miaka thelathini na yote yakapotea. Nikakaa kwa ndoo iliyogeuzwa, binti yake mwingine akaniletea chai, msichana mpole ambaye ana paji la uso kama langu kabisa, na nikauliza swali dogo tu. "Mzee, ile lori bado ilikua inapita Luanda?" Akasema ilikua inapita. Nikamuuliza mbona haukusimama. Akakaa kimya mpaka nikafikiri hajasikia, akapiga funda la uji, likapita, akasema, "Ningesimama na nini?"

Niliporudi kwa matatu nilikua na hasira kuliko nilivyoenda. Mama yangu pia hakua na kitu na yeye hakupita, alibaki hapo, alisimama na ule mkono mtupu wake kila siku mpaka sisi tukakula. Hiyo ndio hukumu yangu na bado sijaibadilisha. Aibu ya baba inaeleza alichofanya, haikifuti. Lakini kitu kimoja kilibadilika usiku huo na sikua nimekitegemea. Miaka yote nilikua nimebeba jibu langu mwenyewe, kwamba hakusimama juu hakututaka, kwamba mimi na ndugu yangu tulikua na kasoro fulani. Hilo jibu nilijipea nikiwa na miaka kumi na moja na nikakua nalo, likakaa kwa ndoa yangu, kwa vile nalea watoto, kwa kila mtu ambaye nilimshuku ataondoka. Na halikua kweli. Kweli yenyewe ilikua mbaya kivyake lakini haikua hiyo. Na mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kuniambia, na alikua amebakisha wiki kumi.

Ndio maana naona tunakosea tukifanya hii mambo yote iwe ya msamaha. Mhubiri anasema samehe, wazee wanasema mzazi ni mzazi, na hiyo sentensi ya mzazi ni mzazi nimeichukia kwa muda mrefu juu kazi yake ni kumnyamazisha mtoto. Upande ule mwingine kuna vijana wanaambiana mtandaoni kwamba mtu kama ni sumu umkate kabisa usiangalie nyuma. Wote wameruka katikati. Kabla ya kusamehe ama kukata kuna kuuliza, na swali linahitaji mtu aliye hai. Msamaha unaweza kuufanya hata miaka kumi baadaye, peke yako, kaburini, kanisani, popote, lakini kuuliza kunafungwa siku ile pumzi inakatika.

Mila zetu zenyewe zilijua hili kuliko sisi. Niko na rafiki Kisumu, fundi wa magari, Mjaluo, hakua ameongea na baba yake karibu miaka kumi na tano. Alipotaka kutoka kwa simba yake, ile nyumba ya kijana ndani ya boma la baba, aanzishe boma lake mwenyewe, ile wanaita goyo dala, ilibidi baba amtoe. Kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto, na baba yako anatembea na wewe asubuhi mpaka pahali pa boma jipya. Baba kama hayuko hai, mzee wa ukoo anaweza kusimama kwa niaba yake, lakini kama yuko hai unamrukaje? Ilibidi aende. Aliniambia walitembea kwa umande bila kuongea mpaka nusu ya njia, alafu mzee akamwambia aangalie vile ameshika shoka ataumia mguu. Hilo tu. Alisema aliposikia hivyo aligeuza uso.

Lakini sehemu kubwa ya nguvu zetu tumeiweka kwa maiti. Watu wa umri wangu walikua wadogo sana lakini kila nyumba inajua kesi ya wakili S.M. Otieno, alikufa tarehe 20 Desemba 1986 na akazikwa Nyalgunga kule Siaya tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wako kotini juu ya nani amzike na wapi. Sina neno la kusema juu ya hiyo familia, walikua na sababu zao na uchungu wao. Nasema tu nchi nzima ilielewa uzito wa swali la mwili unalala wapi. Hakuna mahali nimeona tukipigania hivyo swali la huyu mtu kabla hajalala aliongea na nani. Kwetu Waluhya siku ya kunyoa, baada ya mazishi, ukoo unakaa, anayemdai marehemu anasimama anasema, mwenye alidaiwa na marehemu naye anasema, vitu vinagawanywa. Deni la kuku linakumbukwa. Hakuna anayesimama kusema huyu mzee alikua na deni la maneno na mtoto wake wa tatu.

Watu wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa ambao hawatapona, wanalijua hilo deni. Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili peke yake, kuna ya moyo, ya jamaa, ya roho, na yote yanaumana pamoja, kwa hiyo dawa ya maumivu inaweza kuongezwa na mtu bado analia usiku. Huku Nakuru tuko na hospisi, Kisumu pia iko, na watu wengi wanaziogopa wakifikiri ni mahali pa kupelekwa kufa. Ningependa wajue ni mahali ambapo mtu anaweza kukusaidia hata kuongea na mgonjwa wako. Na kama umechelewa, mzee hafungui macho tena, bado ongea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Canada walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokua masaa ya mwisho, hawajibu kitu, na kwa baadhi yao ubongo ulikua bado unaitikia sauti. Kama wanaelewa maneno hilo halikuonekana, lakini sauti ilikua inafika.

Nilienda mara sita kwa jumla. Mzee hakuwahi kusema nisamehe. Nilikua nalingoja hilo neno mpaka nikachoka, alafu mara ya tano, bila kuulizwa, akasema, "Mlisumbuka." Nikaelewa ndio hilo. Wanaume wa umri wake wengi hawana neno nisamehe mdomoni, hawakulisikia kwa baba zao, lakini wana mengine, anakuuliza kama umekula, anakuonyesha mpaka wa shamba, anakushikia kuku uende naye, anasema mlisumbuka. Mtu akingoja maneno kamili kama ya kanisani anaweza kuzika mzee akifikiri hakuombwa radhi na kumbe aliombwa mara nne.

Na hili lazima niliseme bila kulizungusha. Kuna wazazi waliowapiga watoto mpaka wakawavunja, kuna waliowaharibu watoto wao kwa njia ambazo siwezi kuziandika hapa. Kama wako ni huyo hakuna mtu ana haki ya kukuambia enda ukae naye kwa kiti cha plastiki. Si shangazi, si pasta, si mimi. Katiba kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali, sawa, atunzwe, lakini mkono wako si lazima uwe ndio huo, na kama kuna swali unataka liulizwe mjomba anaweza kulibeba.

Kwa wengine ambao shida yetu ni kimya tu, mimi naona usiende Krismasi, boma imejaa na kila mtu anaigiza. Usiende na wazee kumi wa kusuluhisha siku ya kwanza, na usikubali kupatanishwa mbele ya kanisa nzima watu wakipiga makofi, ile si yenu ni ya watazamaji. Enda siku ya katikati ya wiki, peke yako. Uliza kitu anachokijua, barabara, kazi, ng'ombe, mvua ya mwaka fulani, mzee atafungukia hapo kabla hajafungukia kwa moyo. Na kama huna fea ya kubeba sukari enda hivyo hivyo.

Ndugu yangu hakuenda. Yuko Kisumu, ana kazi nzuri, na nilimpigia kila nikitoka Salgaa. Alisema atakuja akimaliza kitu fulani kazini. Mara ya tatu nilipoenda mzee aliniuliza juu yake, na hakuuliza kazi wala watoto, aliuliza, "Yule kijana bado anaogopa radi?" Nilikua nimesahau kabisa. Ndugu yangu akiwa mdogo radi ikipiga alikua anaingia chini ya kitanda na kikoi cha mama, na ule upande wa Vihiga na Kisumu radi inapiga kweli kweli, na kumbe huyu mtu alikua amebeba hiyo kitu miaka yote kwa malori ya watu.

Tulimzika Luanda, Jumamosi, gari likapita Salgaa na mimi nikiwa ndani. Ndugu yangu ndiye alilipa jeneza, tenti na ng'ombe, hakuacha mtu achange, alisimama kwa maiki akasoma ile karatasi ya maisha ya marehemu kwa sauti imara mpaka mwisho. Wale watoto wawili wa Salgaa walikaa na sisi mstari wa mbele. Mama alikaa nyuma kwa wanawake wa soko, na baada ya kaburi kufunikwa alimwita yule msichana wa paji langu akamwambia akuje ale.

Nilimwambia ndugu yangu juu ya radi wiki mbili baadaye, nilikua naogopa kumwambia. Hakusema kitu, alikata simu. Tangu hapo amekua akinipigia. Juzi ilinyesha sana Kisumu, radi mpaka saa nane usiku, simu ikalia, na akaniuliza tena, alisema vile kwa maneno gani hasa, alisema yule kijana ama alitaja jina langu, alikua ameketi ama amelala, alikua anaangalia wapi. Nikawasha taa nikakaa kitandani nikamrudishia kila kitu, kikombe, koti, kandambili, neno kwa neno, na alipomaliza kusikiliza akaniomba nirudie ile sehemu ya kijana.